HISTORIA FUPI YA KATURUKA, KIJIJI CHA WAHUNZI



Kikundi chetu kinatimiza miaka 10. Katika kikao cha maandalizi ilisemwa kwamba kitabu kisiwe cha hisa na mikopo peke yake, kiwe pia na historia ya kijiji. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nikasema jamani, mimi nimeishia darasa la saba, wapeni walimu. Wenzangu wakanijibu, "Mwenyekiti, wewe bibi yako alikusimulia, walimu ni wageni hapa." Basi nikakubali.

Katuruka ni kijiji kidogo upande wa Maruku, Bukoba Vijijini, karibu na Ziwa Viktoria. Mgeni akipita ataona migomba na mibuni tu, akadhani hapa hapajawahi kuwa na jambo. Kumbe chini ya migomba hiyo kuna kazi ya mikono ya watu waliofua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Mahali pa kwanza pa kukumbukwa ni Kaiija. Jina hilo maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Palikuwa na mti mkubwa sana ulioheshimiwa na kila mtu. Wazee walisimulia kwamba katika karne ya 17 Omukama Rugomora Mahe alitaka kujua huko mbinguni kukoje. Akaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma wa kufika juu, na chuma chake kikafuliwa pale Kaiija. Mnara ukaanguka. Tulipokuwa watoto tulicheka, tukasema ni hadithi ya kutulaza.

Mwaka 1970 mtaalamu kutoka Marekani, Peter Schmidt, alichimba pale baada ya kuwasikiliza wazee kwa muda mrefu. Akakuta kweli mabaki ya kazi ya chuma, tena ya zamani kuliko huyo Omukama mwenyewe. Kwa hiyo wazee hawakuwa wanatudanganya. Masimulizi yao ndiyo yaliyomwonyesha msomi pa kuchimba.

Mahali pa pili ni Buchwankwanzi, nyumba ya Rugomora Mahe. Hapa akina mama naomba msikilize. Aliyepalinda mahali pale pa mfalme alikuwa mwanamke. Cheo chake kiliitwa Mukajumbe, naye aliheshimiwa na kuogopwa. Wazee wetu wanaume wakisimulia historia humtaja kidogo tu au humruka kabisa. Sisi hatutamruka.

Sasa niseme kuhusu kazi yenyewe. Wahaya walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu na mavi ya chuma ya zamani. Chini yake walichimba shimo, wakachoma humo manyasi ya bwawani mpaka shimo likajaa makaa yake. Juu wakaweka mkaa wa miti na mawe yenye chuma. Vijana walivukuta mivukuto kwa zamu, na upepo ukapita katika kewa, yaani vibomba vya udongo. Kewa hizo ziliingizwa ndani ya tanuru, hivyo upepo ulipata moto kabla ya kufika kwenye mkaa. Ndiyo maana joto lilikuwa kali mno. Kilichotoka kiliweza kuwa chuma kigumu, chuma cha pua.

Chuma cha Ulaya kilipoingia, kazi hii ikafa. Lakini mwaka 1976 wazee wa Kihaya walioifanya ujanani waliijaribu tena mbele ya wataalamu, na mwaka 1978 habari zake zikaandikwa katika jarida la Science la Marekani. Dunia ikashangaa kwamba mtu wa Afrika alikuwa na elimu hiyo.

Wanawake hawakuruhusiwa kusogea tanuruni. Tanuru lenyewe lilihesabiwa kama mwanamke anayetaka kuzaa, na wafuaji walijitenga na wake zao mpaka chuma kitoke. Bibi yangu alikuwa akisema, "Walitufukuza kwenye moto, lakini jembe wakatupa sisi." Na ni kweli. Jembe lilitolewa mahari, na kwa jembe hilo mwanamke alilima njugu mawe kwenye rweya akalisha nyumba. Chuma kilizaliwa kwa wanaume, kikaishi mikononi mwetu.

Sasa nakuja kwenye linaloniuma. Mwaka 1978 na 1979 tulipata vita vya Kagera. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani kwetu. Ugonjwa ule ulikula watu wazima na wazee, na masimulizi wakaenda nayo kaburini. Ule mti wa Kaiija nao haupo tena. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji wenyewe walianza kuwahoji wazee waliobaki na kuijenga upya nyumba ya Rugomora Mahe. Nawapongeza sana.

Lakini na mimi nina kosa langu, nalisema hapa hadharani. Nilipokopa kwenye kikundi nijenge jiko, mafundi wakichimba msingi walitoa mawe meusi mazito na vipande vya kewa. Nikawaambia, "Tupieni humo humo kwenye msingi, yataimarisha ukuta." Sikujua kwamba nafukia historia ya kijiji. Mpaka leo yako chini ya ukuta wangu, na kila nikipika nayakumbuka.

Kwa sababu hiyo, kikao kimekubaliana mambo mawili. Kwanza, mwanachama akikopa kujenga, akakuta mavi ya chuma au kewa, asimamishe jembe akawaite wazee kwanza. Pili, kila mmoja wetu aende kwa bibi au mama mkwe ambaye bado yu hai, amwulize anayoyajua, na katibu aandike kwenye daftari. Daftari hilo litakaa ndani ya sanduku letu lenye kufuli 3, pamoja na fedha.

Tumejifunza kuweka shilingi. Sasa tuweke na maneno, maana fedha ikipotea hutafutwa, mzee akiondoka hatafutwi.



Mwenyekiti wa Kikundi