Hesi Iliyovuka Maniema: Miaka 150 Tangu Lady Alice Ipite Kabambare

Mwezi wa Oktoba mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 150 tangu msafara wa Henry Morton Stanley, uliovuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, ulipopita Kabambare na kuteremka bonde la Luama hata kuufikia mto Lualaba; na ingawa wasimulizi wa safari ile wamezoea kutaja bunduki, maradhi na mauti, nimeona ni wajibu kutaja kitu ambacho Wangwana, wachukuzi wa msafara huo, walikipitisha katika nchi yetu kwa nguvu za mabega yao, nacho ni mashua iliyofunguka na kufungika kwa hesi.

Mashua hiyo, jina lake Lady Alice, iliundwa na James Messenger huko Teddington, Uingereza, kwa mbao za mwerezi, urefu wake futi 40 na upana futi 6, ikagawanywa vipande vitano ili ichukulike. Thamani ya hila hii hudhihirika kwa yaliyowasibu waliotangulia: Livingstone, aliyeuguza vidonda vya miguu Kabambare mwaka 1870, alifika Nyangwe mwaka 1871 akakosa mitumbwi ya kuufuata mto, na Cameron mwaka 1874 akakosa vilevile, akashika njia ya kusini. Stanley alikuja na chombo chake.

Kwa mujibu wa kitabu chake cha mwaka 1878, alipatana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, amsindikize vituo 60 kwa dola 5,000, wakatoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876. Tangu hapo dhiki iliyopita zote ikawa ya wachukuzi wa mashua, kwani katika msitu wa Mitamba njia ilikuwa nyembamba na yenye utelezi, na vipande vile havikukubali kupinda wala kukunjwa, hata ikalazimu wenye mashoka watangulie kuwafyekea, nao bado wakawa wa mwisho kuwasili kambini. Tarehe 19 Novemba walipotokea ukingoni mwa Lualaba, vipande vikapangwa, tundu likaelekezwa kwa tundu, hesi zikakazwa, na mashua ikashushwa majini chini ya nahodha wake Uledi. Tippu Tip akarejea mwishoni mwa Desemba, naye katika tarehe ya maisha yake aliyoiandika mwenyewe kwa Kiswahili hakuficha kwamba malipo hayakumridhisha; mashua ikaendelea hata ikaachwa karibu na maporomoko ya Isangila mwaka 1877.

Stanley ameisifu sana mashua yake. Lakini mikono iliyoifunga na kuifungua, katika Ziwa Nyanza mwaka 1875, katika Tanganyika mwaka 1876, kisha huku Lualaba, ilikuwa ya Wangwana, na heshima ya kuileta elimu hiyo Maniema ni haki yao.

Ulaya nako elimu hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inapata kanuni. Zamani kila karakana ilichonga hesi kwa hiari yake, mpaka mwaka 1841 Joseph Whitworth alipokusanya bolti za karakana mbalimbali, akatafuta wastani wake, akapendekeza meno yote yawe na pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akachagua nyuzi 60. Mwaka 1898 mkutano wa Zürich ukakubali nyuzi 60 kwa hesi za milimita. Na mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada, zilizotaabishwa vitani na vipuri visivyooana, zikapatana juu ya hesi moja ya inchi. Kwetu nako kutooana kwa vipimo kulionekana: reli ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwaka 1910 kwa upana wa mita moja, ikapanuliwa mwaka 1955 kuwa milimita 1,067 ili ioane na reli za kusini.

Leo mizigo ya Kasongo na Kabambare huchukuliwa na pikipiki, na fundi akaaye chini ya mwembe hurithi, pasipo kufundishwa, mafarakano yale yale. Bolti ya milimita 8 ina jino kila milimita 1.25; ile ya Whitworth ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, lakini meno yake ni 18 kwa inchi, yaani jino kila milimita 1.41. Kwa macho ni ndugu; nati ya moja huingia katika nyingine mizunguko michache, kisha hugoma, na asiyejua sababu huongeza nguvu hata meno yakaliwa na bolti isifae tena. Mafundi wetu hodari hutambua tofauti hii kwa kulaza bolti juu ya bolti na kutazama kama meno yanaingiana, na hiyo ni elimu sahihi, ila haina daftari wala mwalimu anayelipwa kuieneza.

Ni aibu kwetu kuiacha hivyo. Kipimo cha meno ya hesi ni kifaa kidogo kiingiacho mfukoni, na jedwali la vipimo hutosha katika karatasi moja ya Kiswahili. Watu ambao katika nchi yao hesi za Lady Alice zilikazwa wanastahiki kupewa vyote viwili katika kila shule ya ufundi, kutoka Kasongo hadi Kabambare.