Marhamu ya mitishamba kwa ngozi na makovu: Utengenezaji wake Meru na Embu

MARHAMU ni mafuta ya kupaka yaliyogandishwa kwa nta. Katika kaunti za Meru na Embu, mahitaji yote ya kuitengeneza hupatikana kati ya miteremko ya Mlima Kenya na nyanda kame zilizo chini yake. Juu hustawi makadamia na parachichi. Chini, kama Mbeere, hutundikwa mizinga, hulimwa alizeti na humea mishubiri. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, huota wenyewe kandokando ya mashamba.

Kwa sababu hiyo, familia nyingi hujitengenezea mafuta ya ngozi badala ya kununua ya dukani. Marhamu iliyotengenezwa vyema hulainisha ngozi iliyokauka, hutuliza midomo na visigino vilivyopasuka, na huzuia unyevu wa mwili usipotee. Hata hivyo, wengi huitafuta kwa sababu nyingine: kufuta kovu la moto, la upasuaji au la chunusi. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea na ngozi nyingine huharibika, kwa kuwa hakuna marhamu ya mitishamba iliyothibitishwa kufuta kovu.

Asili yake

Kabla ya mafuta ya madukani kuenea, jamii za eneo la Mlima Kenya zilijipaka mafuta ya mbarika, mara nyingine yakichanganywa na udongo mwekundu. Mbegu zilikaangwa, zikatwangwa na kuchemshwa katika maji, kisha mafuta yaliyoelea yakaenguliwa.

Kazi hiyo ilihitaji uangalifu, na bado inauhitaji. Mbegu za mbarika zina risini, sumu kali inayoweza kumuua mtoto aliyetafuna mbegu chache tu. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta bali hubaki kwenye machicha, ambayo hayafai kupewa ng'ombe wala kuku. Kwa asiyekuwa na uzoefu, ni salama zaidi kununua mafuta yaliyokwisha kusafishwa.

Ujuzi wa mimea katika eneo hili umehifadhiwa pia kwa maandishi. David Brokensha na Bernard Riley walichapisha mwaka 1988 vitabu viwili kuhusu Wambeere, kimojawapo kikieleza majina ya mimea ya huko na matumizi yake. Makadamia, kwa upande wake, ni mgeni: ulitoka Australia na kuingizwa Kenya mwaka 1946, kisha ukaenea katika nyanda za kahawa na majani chai, zikiwemo za Embu na Meru.

Vifaa na vipimo

Kwa marhamu ya kiasi cha kutumiwa na familia moja, huhitajika gramu 200 za mafuta ya alizeti, makadamia au parachichi, gramu 40 za nta safi, na gramu 20 hivi za majani makavu ya mwarobaini. Robo ya mafuta hayo yaweza kuwa ya mbarika, ambayo ni mazito na hushika vyema kwenye ngozi. Uwiano wa kukumbuka ni sehemu tano za mafuta kwa sehemu moja ya nta.

Nta hupatikana kwa warina asali. Masega yaliyokamuliwa huchemshwa katika maji, huchujwa kwa kitambaa, na maji yanapopoa nta huganda juu. Huondolewa, uchafu wa chini ukakwanguliwa, kisha ikaachwa ikauke kabisa.

Majani ya mwarobaini huanikwa kivulini mpaka yavunjike yakishikwa. Jani lenye unyevu huingiza maji katika mafuta, na mafuta yenye maji huota ukungu.

Hatua za kutengeneza

Kwanza, chupa na vijiko huoshwa kwa maji moto na sabuni, vikakaushwa barabara. Mafuta na majani hutiwa katika bakuli la kioo au sufuria ndogo, nayo huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka polepole. Mchanganyiko huachwa hapo kwa muda wa saa mbili, maji ya chini yakiongezwa yanapopungua. Mafuta na nta havipashwi moto moja kwa moja juu ya jiko, kwani hushika moto upesi. Watoto huwekwa mbali.

Pili, mafuta huchujwa kwa kitambaa safi cha pamba na majani kutupwa. Mafuta yaliyochujwa hurudishwa juu ya maji ya moto, nta iliyokatwa vipande vidogo ikaongezwa na kukorogwa mpaka iyeyuke. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo moto mkali hauhitajiki.

Tatu, ugumu hupimwa. Tone moja hudondoshwa juu ya sahani baridi na kuachwa kwa dakika mbili. Likiwa laini mno, nta kidogo huongezwa. Likiwa gumu, mafuta huongezwa. Kisha marhamu humiminwa katika vikopo vikavu, huachwa wazi mpaka ipoe, hufunikwa, na tarehe huandikwa.

Marhamu iliyowekwa mahali penye baridi na giza, ikachotwa kwa kijiko kikavu, hudumu miezi kadhaa. Ikinuka kama mafuta yaliyochacha au ikiota madoa, hutupwa. Mafuta yenye mwarobaini hayanywi kamwe, na hayafai kupakwa watoto wachanga.

Tahadhari kuhusu shubiri

Kosa la kawaida ni kuchanganya utomvu wa shubiri na mafuta, kisha kuuhifadhi kwa majuma kadhaa. Utomvu huo mweupe karibu wote ni maji, na bila kihifadhi huharibika upesi. Afadhali utumiwe peke yake, siku ile ile jani linapokatwa. Jani husimamishwa kwanza ili majimaji ya manjano yatoke, kwa sababu hayo huwasha ngozi.

Vilevile si kila mshubiri wa kukatwa. Aina zote za mishubiri, isipokuwa ile iitwayo Aloe vera, huhifadhiwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986, na kanuni za mwaka 2007 zikaelekeza biashara kwenye mimea iliyopandwa na kuidhinishwa. Miche michache nyuma ya nyumba yatosha kwa matumizi ya nyumbani.

Ukweli kuhusu makovu

Kovu ni nyuzi mpya ambazo mwili umezitumia kuziba jeraha. Huanza likiwa jekundu au jeusi, gumu na lenye kuwasha, kisha hulainika na kufifia lenyewe kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Mtu anayepaka marhamu katika muda huo huona mabadiliko na kudhani ni kazi ya mmea, ilhali sehemu kubwa ni kazi ya wakati.

Hata mafuta yanayosifiwa sana hayajafaulu mtihani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulijaribu vitamini E kwenye makovu ya wagonjwa 15 waliofanyiwa upasuaji. Wengi wao hawakuona faida yoyote, na theluthi moja walipata mwasho na vipele.

Marhamu ina msaada wake ikitumiwa kwa wakati unaofaa. Jeraha likishafunga kabisa, kusugua kovu polepole kwa vidole vilivyopakwa marhamu, dakika chache mara mbili kwa siku, hupunguza ukavu na mwasho. Jambo la pili ni kulikinga kovu na jua. Ikweta hupita katika Kaunti ya Meru, na jua la nyanda za juu hulifanya kovu changa liwe jeusi zaidi. Marhamu ya mitishamba haizuii jua. Nguo, kofia au mafuta maalumu ya kukinga jua ndiyo hufanya kazi hiyo.

Keloidi ni jambo jingine. Hili ni kovu linalovimba na kuvuka mipaka ya jeraha lenyewe, hasa masikioni, kifuani, mabegani na kidevuni, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Kiafrika. Haliyeyuki kwa mafuta, na likikatwa bila tiba nyingine mara nyingi hurudi likiwa kubwa zaidi. Madaktari hutumia sindano za steroidi zinazodungwa ndani ya kovu, au vipande vya silikoni vya kubandika. Mwenye keloidi asipoteze miaka akibadilisha marhamu.

Mambo ya kuepuka

Jeraha jipya la moto humwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Halipakwi marhamu, dawa ya meno, majivu wala mafuta ya kupikia, kwani vitu hivyo hufungia joto ndani au huingiza vijidudu. Jeraha kubwa, au lililo usoni, mikononi au sehemu za siri, hupelekwa hospitalini mara moja.

Maji ya ndimu hayafai kupakwa juu ya kovu, kwa sababu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha madoa. Hatari zaidi ni kuchanganya marhamu ya nyumbani na krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi yake huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hudhuru figo, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vingi vyenye madini hayo.

Kabla ya kutumia marhamu yoyote mpya, kiasi kidogo hupakwa ndani ya mkono na kuachwa kwa siku mbili. Ngozi ikiwasha, ikivimba au ikitoa vipele, marhamu hiyo haimfai mtu huyo, hata kama imemfaa jirani.

Anayetaka kuuza bidhaa yake sokoni anapaswa kuwa na alama ya ubora ya Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS). Akidai kwamba inatibu ugonjwa, itahesabiwa kuwa dawa, nazo dawa, zikiwemo za mitishamba, husajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Kidonda kisichopona kwa majuma kadhaa, kovu linalozidi kukua, au doa linalobadilika rangi na kutoka damu, si la kupakwa marhamu. Mwenye dalili hizo amwone daktari.