Historia ya Kuku wa Kuchi Katika Kikundi Chetu

Katika kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na ada za watoto. Sisi tumeona tuandike habari za kuku. Wageni wengi wanatuuliza imekuwaje kikundi cha kuweka akiba kikawa na majogoo, na wanachama wapya nao hawakuwepo mambo haya yalipoanza.

Kuchi si mgeni hapa Tabora. Anajulikana pia Shinyanga na Mwanza. Ni kuku wa kusimama wima kama askari wa gwaride, shingo ndefu, manyoya machache, upanga wa kichwani mdogo na ndevu hata hazionekani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, waliowapima kuku wa kienyeji miaka ya mwanzo ya 2000, walikuta jogoo mzima wa Kuchi ana wastani wa kilo 2.7 na tetea kilo 1.8. Wazee wapo wanaosema alikuja na misafara ya pwani. Kumbe wataalamu waliochunguza vinasaba vyake wamekuta ana undugu wa karibu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Tuliposomewa hayo kwenye mkutano tulicheka sana, maana sisi tulidhani ni Mnyamwezi mwenzetu.

Sasa, huku kwetu kuku ni mali ya mama, wote mnajua. Mama ndiye anayewafungulia asubuhi na ndiye anayejua nani anataga wapi. Lakini jogoo wa Kuchi tangu zamani alihesabiwa kuwa wa baba. Alipendwa kwa kupigana, na bei yake ilikuwa kubwa. Mama alilisha, mama alitotolesha, halafu siku mnunuzi akija jogoo anaondoka na fedha haionekani jikoni. Na hata akichinjwa, firigisi ya nani? Haya tuyaache.

Kikundi kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22, hisa moja Sh. 2,000/=. Wakati huo huo kuku chotara walikuwa wanaenea kwa kasi, Kuroiler mwenye asili ya India na Sasso wa Ufaransa. Hatuwasemi vibaya. Wanakua haraka, wanataga sana, na wenzetu wengine wamejengea nyumba kwa hao. Ila wakiachiwa huru kijijini hawaulizi mipaka. Katika misimu michache vifaranga vya Kuchi vilianza kutoka na miguu mifupi na upanga mkubwa. Mwaka 2016 tulipozunguka nyumba za wanachama wote tulipata matetea 11 tu na majogoo 3 ambao wazee walikubali kuwa ni Kuchi kweli.

Hapo ndipo tulipofungua daftari la pili, la kuku. Utaratibu ni huu. Mwanachama anakopeshwa matetea wawili. Akishatotolesha na vifaranga vikafika miezi mitatu, anarudisha matetea wawili wachanga, nao wanakwenda kwa mwingine. Jogoo hakopeshwi, ni mali ya kikundi, anakaa kwa mtu mwaka mmoja kisha anahamishwa. Akibaki zaidi atawapanda binti zake, na uzao wa ndugu kwa ndugu unadhoofika, vifaranga vinakufa kwenye mayai. Kila ukoo una rangi yake ya uzi mguuni, nyekundu, buluu na nyeupe.

Faida nyingine ya daftari hatukuitarajia. Kuku akishaandikwa ni dhamana ya kikundi, haondoki mpaka mkutano uridhie. Mwaka 2018 alikuja mnunuzi kutoka mjini, akataka majogoo wote watatu wakubwa, kila mmoja Sh. 120,000/=. Jamani, fedha ile ilikuwa mezani, na ilikuwa mwezi wa ada. Wenzetu wengine walitaka tuuze, na waume wawili walikuja wenyewe mlangoni kusema kuku ni wao. Tukafungua daftari, tukasoma majina, yote ya akina mama. Tulipiga kura, 13 wakakataa na 9 wakataka. Wale 9 walikuwa na hoja, njaa si mchezo, na mmoja wao alikaa miezi miwili bila kuja kikundini. Tulijua pia wale majogoo walikuwa wanapelekwa kupiganishwa, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama. Lakini tuseme ukweli, kilichoamua kura ile ni kwamba bila majogoo wale matetea wote wangepandwa na chotara.

Kumfuga kuna kazi yake. Majogoo wawili hawakai banda moja, watauana. Tetea wa Kuchi ni mzito, wapo wanaovunja mayai, kwa hiyo wengi wetu tunayaweka mayai 10 hivi chini ya tetea mwepesi wa kawaida, siku 21. Vifaranga vinachelewa kuota manyoya, na masika baridi inaviua kama huna tenga kavu na joto la jiko. Chakula ni pumba, mashudu ya alizeti na mchwa. Mchwa unawatega kwa chungu chenye samadi na mabua, unakifunika kwenye kichuguu jioni, asubuhi kimejaa.

Adui mkubwa ni mdondo, ambao wengine wanauita kideri. Mwaka 2017 ulipita kiangazi kabla chanjo haijatufikia, ukoo mweupe wote ukabaki na tetea mmoja. Tangu hapo tunachanja pamoja siku moja kila baada ya miezi mitatu, kwa chanjo ya I-2, tone moja jichoni, kifaranga na jogoo kipimo kile kile. Chanjo hii inatengenezwa hapa hapa nchini, na inastahimili joto kuliko zile za zamani. Gharama inatoka mfuko wa jamii. Asiyeleta kuku wake siku hiyo hulipa faini Sh. 1,000/=.

Leo daftari la kuku lina matetea 64 na majogoo 9. Ukoo mweupe una matetea 12, wote kutoka kwa yule mmoja, na ndiyo maana tunawapandisha kwa majogoo wa uzi wa buluu tu. Wanaozidi tunawauza, na mwenye kuku anachukua fedha yake mkononi, jina lake limeandikwa. Jogoo wa uzi mwekundu aliyeko kwa mweka hazina anahama Jumamosi ya kwanza baada ya sherehe. Mwenye zamu aandae banda lenye mlango wa mbao, si turubai.