Daftari Lililo Wazi

Katika sebule yangu, kando ya redio ya zamani ambayo marehemu mke wangu aliipenda mno, kuna kijisanduku kisichozidi ukubwa wa pakiti ya majani ya chai. Kina taa moja ya kijani inayopepesa usiku na mchana. Wageni wakiniuliza ni kitu gani, huwajibu kuwa ni karani wangu. Nao hucheka, wakidhani uzee umeanza kunichezea. Lakini, msomaji mpenzi, nikikueleza kazi ya karani huyu na sababu iliyonifanya nimkaribishe nyumbani, huenda ukaona kwamba simo katika mzaha.

Habari yenyewe yaanza mbali. Tarehe 31 Oktoba 2008, wakati mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yalipokuwa yakiyumba, mtu aliyejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hajulikani ni nani, alitoa andiko la kurasa 9. Humo alieleza namna watu wanavyoweza kupelekeana fedha bila benki kusimama katikati. Tarehe 3 Januari 2009 akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari la fedha hiyo, Bitcoin, na ndani yake akapachika kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London la siku ile, kilichohusu serikali ya Uingereza kukaribia kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Tangu hapo, kwa wastani wa kila dakika 10, ukurasa mpya huongezwa. Kurasa hizo huitwa bloku, na kila moja hubeba alama ya ile iliyoitangulia, hata mtu akigeuza tarakimu moja ya zamani, kurasa zote zinazofuata humsuta.

Daftari hilo halimo katika jengo lolote. Nakala yake imo katika maelfu ya kompyuta za watu wa kawaida duniani, na kila kompyuta hukagua kila ukurasa kabla ya kuupokea. Kompyuta ya namna hiyo huitwa nodi. Haichimbi sarafu wala haimletei mwenyewe senti moja. Kazi yake ni kutunza na kukagua, basi.

Mjukuu wangu, anayesomea mambo ya kompyuta, ndiye aliyenifungulia mlango. Jioni moja alikuja na bodi ndogo sawa na kadi ya benki, aina ya Raspberry Pi. Bodi hizo zilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, zikitoka Cambridge, Uingereza, ya kwanza kwa bei ya dola 35. Waliozibuni walitaka watoto wajifunze kuandika programu kwa kompyuta ambayo mzazi haoni uchungu ikiharibika. Kwa mwalimu mzee kama mimi, hiyo peke yake ilitosha kunivuta.

"Babu," aliniambia, "fedha hii haikutaki umwamini mtu. Inakutaka uhakiki mwenyewe."

Neno hilo, hakiki, lilinichoma kama mwiba. Sababu yake nitaieleza punde.

Tulianza kazi. Tulinunua diski ya nje ya terabaiti 2, maana daftari lote sasa limezidi gigabaiti 600 na linaendelea kukua. Tukanakili mfumo wa kuendeshea kompyuta katika kadi ndogo ya kumbukumbu, tukaichomeka, taa ikawaka. Kisha tukapakua programu iitwayo Bitcoin Core. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe sivyo. Mjukuu wangu alinionyesha mstari wa herufi na tarakimu 64 uliotolewa na waandishi wa programu, na mwingine uliokokotolewa na kompyuta yetu kutokana na faili tuliyoipokea. Akanitaka niilinganishe. Nilivaa miwani, nikasoma kwa sauti herufi moja moja, naye akifuatisha kwa kidole, kama nilivyokuwa nikihakiki alama za mitihani na mwalimu wa taaluma. Zilikuwa sawa zote. Lau ingetofautiana hata moja, tungejua faili imeguswa njiani.

Baada ya hapo karani wetu alianza kusoma daftari tangu mwaka 2009. Saa chache za kwanza alikwenda mbio, kwa kuwa kurasa za miaka ile zilikuwa karibu tupu. Alipofikia miaka ya karibuni akawa anatambaa. Siku ya tisa umeme ulikatika, kumbukumbu zake zikaharibika, ikabidi ahesabu upya kutoka mwanzo. Tukanunua betri ya akiba. Ilichukua majuma matatu na ushei kabla hajaufikia ukurasa wa siku ile. Umeme anaotumia ni mdogo, haufiki ule wa taa ya zamani ya kioo.

Katika majuma hayo ya kungoja, mjukuu wangu alinisimulia kisa kilichonikosesha usingizi. Tarehe 15 Agosti 2010, katika ukurasa wa 74,638, mtu alitumia kasoro ya hesabu iliyokuwa ndani ya programu, akajiandikia zaidi ya sarafu bilioni 184, ilhali kanuni inasema sarafu zote hazitazidi milioni 21. Nodi ziliupokea ukurasa ule bila kulalamika, kwa kuwa kasoro ilikuwa imo ndani yazo zenyewe. Aliyeligundua jambo hilo ni binadamu aliyekuwa akisoma. Aliona tarakimu isiyowezekana, akauliza hadharani. Saa chache baadaye programu ilisahihishwa, na wenye nodi wakaukataa ukurasa wenye uongo na kuendelea na daftari lililo safi.

Sasa niseme la moyoni. Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na kwa cheo hicho nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Wanachama walikuwa wakufunzi, makarani, walinzi na wapishi. Daftari lilikuwa moja tu, nalo lilikaa katika kabati la mtunza hazina, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Kila mwisho wa mwaka aliniletea hesabu zimepangwa vizuri kwa wino wa buluu. Mimi nilizitia sahihi. Nilikuwa na shughuli nyingi, naye alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, asiyenywa pombe. Sikuwahi kujumlisha safu hata moja.

Mtunza hazina alipohama ghafla, tuligundua kwamba mikopo ilikuwa imeandikwa kwa majina ya watu ambao hawakukopa, na akiba ya miaka mingi haikuwapo. Wakufunzi walikuwa na mishahara, wakajikongoja. Mpishi mmoja alikuwa akiweka fedha za kuezeka nyumba kwa mabati. Aliendelea kulala chini ya nyasi mpaka alipostaafu. Nami kwa miaka zaidi ya thelathini nilijifariji kwa kusema, "Tuliibiwa."

Usiku ule wa kisa cha mwaka 2010 nilielewa kuwa neno hilo ni nusu ya ukweli tu. Daftari letu lilikuwa na msomaji mmoja aliyewekwa kwa kazi hiyo, naye hakusoma.

Nilimtafuta yule mpishi. Bado yu hai, ana miaka zaidi ya themanini, anaishi kwa binti yake. Nilimweleza kwamba sahihi zilizokuwa chini ya hesabu zile zilikuwa zangu, na kwamba nilizitia bila kusoma. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, sisi tulidhani wewe unasoma." Hakuongeza neno. Binti yake alileta chai, tukanywa.

Sipendi msomaji afunge kitabu hiki akakimbilie kununua sarafu hizo. La hasha. Bei yake hupanda na kushuka kama mwenye homa, na Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu yake Novemba 2019. Aidha, wapo matapeli wanaotumia jina hilo kuwaahidi wastaafu faida ya kila juma. Karani wangu hawezi kumzuia mtu asitume fedha zake kwa mwongo. Atathibitisha tu kwamba zimetumwa, na zikishatumwa hazirudi. Mimi mwenyewe sina sarafu ya kutajika. Nina daftari tu.

Lakini jambo moja nimejifunza uzeeni ambalo nilipaswa kuwafundisha walimu niliowalea. Katika darasa la hesabu tulimwambia mwanafunzi, "Onyesha njia." Tulimkatalia jibu lisilo na njia, hata likiwa sahihi. Tulipotoka darasani na kuingia katika vikao vya chama, kijiji na msikiti au kanisa, tuliona haya kumwambia mwenzetu maneno hayo hayo. Tuliita kunyamaza kwetu heshima. Kumbe mtunza hazina mwaminifu hapotezi kitu akikaguliwa, na wa namna nyingine ndiye pekee anayenufaika na haya zetu.

Kila asubuhi, baada ya chai, hufungua kompyuta ya mjukuu wangu na kutazama namba ya ukurasa wa mwisho uliopokelewa na karani. Kisha huchukua daftari la chama cha kuzikana cha mtaa wetu, ambalo sasa lina nakala tatu katika nyumba tatu, nikajumlisha safu za mwezi. Jana nilikuta shilingi 2,000 zimeandikwa mara mbili. Ilikuwa bahati mbaya tu, na mtunza hazina wetu alinishukuru.