Majina Yanayomkomaza Mtoto

Kwa Kiswahili cha kila siku, mtoto ni wa mtu. Ukimtaja, utaulizwa: wa nani? Mzee wa miaka 60 ni mtoto wa mama yake hadi siku ya kumzika. Neno letu hushika nasaba, miaka hailishughulishi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 ililichukua neno hilohilo ikalitia mpaka: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, awe na wazazi au yatima, awe amepevuka au bado. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, wa 1989, uliiachia sheria ya nchi nafasi ya kumhesabu mtu kuwa mkubwa kabla ya umri huo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa 1990, haukuacha mwanya huo.

Naupenda mpaka huu, maana lugha yetu ina njia nyingi za kumtoa mtu utotoni mapema. Kigori akivunja ungo huwa mwali, na mwali akishachezwa unyago, wapo wanaoanza kumhesabia mahari. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikwenda na mwendo huo: mvulana alingoja miaka 18, msichana akaolewa na 15 mzazi akiridhia, hata na 14 mahakama ikitoa idhini. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alifungua shauri kuipinga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 ikashindwa Mahakama ya Rufani. Mwaka mwingine ukapita, vifungu vikiwa palepale. Msichana wa miaka 16 akabaki mtoto katika sheria moja, mke halali katika nyingine.

Ila neno linalonitia hofu kuliko yote ni la upole kabisa: dada. "Dada, leta maji ya kunawa." Anayeitwa ana miaka 13, kaletwa mjini kutoka kijijini kwa ahadi ya kusomeshwa. Watoto wa nyumba hiyo, mmoja wao rika lake, wanamwita dada. Kumi na moja alfajiri yuko jikoni anakoroga uji. Kisha anapiga pasi sare za wenzake, na usiku halali mpaka sufuria la mwisho lisuguliwe. Sheria ya Mtoto hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14, na inakataza mtoto kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lakini nani atamwuliza dada umri? Mgeni akibisha hodi anakaribishwa na dada, anaandaliwa chai na dada, anaaga. Jina limeshamjibia: huyu ni mkubwa.

Kwenye mabango na ripoti nako tumezoea "ajira ya watoto". Sipendi. Ajira kwa masikio yetu ni neema. Vijana wanaihangaikia na bahasha za vyeti mkononi. Mtoto anayeponda kokoto juani hajapata ajira. Wanaosema "utumikishwaji wa watoto" wamesema kweli, na sarufi inawaunga mkono: -ish- inadai awepo anayemfanya mwingine atumike, na -w- inamwonyesha anayetendwa. Hakimu akilisoma neno hilo hana budi kuuliza, nani kamtumikisha?

Tangu 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na zipo sheria nyingi za kutafsiri. Ombi langu kwa wanaoifanya kazi hiyo ni waandike utumikishwaji, waiache ajira kwa watu wazima. Na maofisa ustawi wa jamii, pale wanapojaza fomu ya binti aliyekutwa kwenye nyumba ya watu, wasiandike "dada wa kazi". Waandike mtoto, na miaka yake.