Padre Lagrange na Hofu ya Vitabu Vipya



Kila mwaka wataalamu wa Maandiko Matakatifu na taalimungu hutoa vitabu vipya. Wengi wetu tukivifungua hushtuka. Tunasoma kwamba Musa hakuandika mwenyewe kila neno la vitabu vitano vinavyotajwa kwa jina lake, au kwamba Injili ya Marko ilitangulia ile ya Mathayo. Je, imani yetu imo hatarini? Tutazame maisha ya mtu mmoja.

Padre Marie-Joseph Lagrange, Mdominikani wa Ufaransa, alizaliwa mwaka 1855. Novemba 1890 alifungua shule ya Biblia mjini Yerusalemu, katika jengo lililokuwa machinjio hapo zamani. Alisadiki kwamba Mungu alisema na watu halisi, katika nchi halisi. Basi atakaye kulielewa Neno lake hana budi kujifunza lugha yao, ardhi yao na namna yao ya kuandika.

Nyakati zile zilikuwa ngumu. Wako wasomi waliotumia elimu ya historia kuibomoa imani, na wachungaji wa Kanisa wakawa na mashaka hata juu ya wale walioitetea. Ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo haukuruhusiwa kuchapwa. Mwaka 1912 idara moja ya Roma ilikataza baadhi ya maandishi yake yasitumike seminarini. Aliondoka Yerusalemu, akarudi mwaka 1913. Hakuasi, wala hakuweka kalamu chini: alitoa ufafanuzi wa Luka mwaka 1921, wa Mathayo mwaka 1923, na wa Yohane mwaka 1925. Alifariki mwaka 1938.

Tarehe 30 Septemba 1943, sikukuu ya Mtakatifu Yeronimo, Papa Pio XII alitoa waraka Divino Afflante Spiritu, akiwahimiza wasomi Wakatoliki kuchunguza lugha za asili na aina za uandishi wa kale. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum, ulifundisha vivyo hivyo. Padre Lagrange hakuiona siku hiyo.

Tusifiche kwamba hofu ile ilikuwa na gharama: vijana wengi waliandaliwa kwa upadre bila msaada wa vitabu vizuri. Lakini tusisahau pia kwamba si kila kipya ni kweli. Tukutanapo na kitabu kipya, tuulize: mwandishi anatoa ushahidi gani? Je, anatenga lililo hakika na lililo dhana? Tena tusome kwanza Injili yenyewe, kwa sala, pamoja na Kanisa. Aliye asili ya Maandiko ndiye aliyetupa akili, hawezi kujipinga.

Bwana atujalie elimu iliyo nyenyekevu na imani isiyoogopa kuuliza. Amina.