Chotara si koko

Wapo wanaomwita "koko" kila mbwa asiye wa mbegu moja. Hapana. Koko ni mbwa wa mitaani asiye na mwenyewe, na hakuna aliyepanga azaliwe. Chotara huzalishwa makusudi, kama wafugaji wafanyavyo kwa ng'ombe na kuku, ili arithi sifa za pande mbili.

Kwa mfano, mwaka 1989, nchini Australia, mzalishaji wa mbwa Wally Conron alichanganya mbwa wa mbegu ya Labrador na wa mbegu ya poodle, akitafuta mbwa wa kumwongoza mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mumewe alidhuriwa na manyoya ya mbwa. Wakazaliwa watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii kupimwa; mmoja tu, Sultan, ndiye aliyefaa. Mbwa aliyetafutwa kwa uangalifu hivyo, tafadhali, tusimwite koko.